SOMO LA BUSTANI: KUANZA MBOGA ZA VULI KATIKA SHAMBA LA SHIRIKA



Somo letu la mwezi huu ni la jembe. Twataka kujifunza jinsi watu kadha wa kadha wawezavyo kuanza bustani moja ya mboga wakati wa vuli katika nchi yetu ya Chalinze, na jinsi ya kuitunza isife kabla ya mwaka kwisha. Maana bustani za shirika zianzazo ni nyingi, bali zidumuzo ni chache. Na mara nyingi haziuawi na jua wala na wadudu, bali zauawa na shauri lisilokatwa vema siku ya kwanza. Mwalimu atakayewasomea watu somo hili na alisome polepole, sehemu kwa sehemu, na mwisho aulize maswali yaliyoandikwa chini.

1. Kwa nini tulime mboga

Kila mtu apitaye Chalinze aijua njia panda yetu. Barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika hapa: moja yaenda Morogoro na Iringa, hata mpaka wa Zambia; moja yaenda Segera, na kutoka huko Tanga, Moshi na Arusha. Mchana na usiku malori hupita yamebeba nyanya za Ilula, kabichi za Mgeta katika milima ya Uluguru, karoti na mboga za Lushoto. Chakula hicho chote chatupita kwenda masoko ya Dar es Salaam. Na ziko nyumba zilizo hatua chache tu kutoka barabara hiyo ambamo, siku za jua kali kabla ya mvua, ugali huliwa bila jani bichi hata moja. Mboga za porini zimekauka, na mboga za sokoni zataka fedha.

Jani la kijani si kitoweo cha maskini, kama wengine wadhanivyo. Mchicha, matembele, kisamvu, majani ya kunde na ya maboga yana nguvu ya kujenga damu na kulinda macho. Wenye haja nayo kuliko wote ni mama mwenye mimba na mtoto aliyeachishwa ziwa. Tena yapikwe kwa muda mfupi, yatiwe mafuta kidogo au nazi, wala maji yake yasimwagwe, maana sehemu ya nguvu hutoka na maji hayo. Kisamvu peke yake hutwangwa na kuchemshwa sana, kwa kuwa kina sumu mpaka kiive.

2. Majira yetu

Vitabu na pakiti nyingine za mbegu zitokazo Ulaya husema, panda mbegu hizi majira ya machipuko. Mkulima wa huko hungoja baridi ipungue, udongo upate joto, ndipo atie mbegu. Sisi joto halitupungukii kamwe. Machipuko yetu ni mvua, nayo huja mara mbili kwa mwaka: vuli, yapata Oktoba hata Desemba, na masika, Machi hata Mei. Kati ya vuli na masika ni siku za kaskazi na jua kali. Baada ya masika huja kipupwe, Juni hata Agosti, upepo wa kusi ukivuma na usiku kuwa na ubaridi.

Kila majira yana mboga zake. Watu waanzao bustani hutamani nyanya kwanza, kwa sababu zina fedha. Lakini nyanya iliyopandikizwa vuli huchanua karibu na kaskazi, na joto la usiku likizidi maua yake hupukutika bila kufanya tunda. Iliyopandikizwa masika huliwa na ukungu. Kwa hiyo nyanya ingoje: mbegu zake zitiwe kitaluni mwezi wa Mei, miche ipandikizwe Juni, mavuno yawe Agosti na Septemba. Kabichi nayo yapenda ubaridi wa milimani, na tuwaachie watu wa Lushoto na Mgeta. Mboga za kuanzia vuli ni zile zivumiliazo joto: mchicha, kunde za majani, matembele, bamia, nyanya chungu, bilinganya, mlenda na maboga.

Vuli si rafiki wa kuaminiwa sana. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 maji ya mto Ruvu yalipungua hata watu wa Dar es Salaam wakagawiwa maji kwa zamu. Mwaka uliofuata, 2023, vuli ilikuja na El Niño, mvua zikazidi, mashamba mengi yakafurika. Basi asifanye mtu shauri la vuli kama kwamba ameisha kuiona. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza matazamio yake kabla ya vuli kuanza. Mmoja wenu na awekewe kazi ya kuyasikiliza na kuwapasha wenzake.

3. Shauri la watu huja kabla ya jembe

Habari ya kulima pamoja si mpya katika pwani hii. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, waliwakusanya watu waliokombolewa utumwani, na kazi ya kila siku ya kijiji kile ilikuwa ya shamba na bustani. Mwaka 1872 tufani kuu ilibomoa majengo yao, nao wakaanza tena.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, nchi nzima ilihimizwa kulima mashamba ya ujamaa. Wazee wetu wengi waliyalima, na walio hai waweza kusimulia. Walipata faida ya shule, zahanati na visima vilivyokuja na vijiji. Lakini mashamba mengi ya pamoja yalitoa mavuno haba kuliko mashamba ya watu wenyewe. Sababu si kwamba watu walikuwa waovu. Mtu akijua kwamba jasho lake na uvivu wa jirani vitalipwa sawasawa, mkono wake hulegea, hata kama moyo wake ni mwema.

Kutokana na habari hiyo twajifunza kutenganisha mambo mawili. Yako mambo yaliyo mazito kwa mtu mmoja, na hayo yawe ya shirika: ua, kisima au tangi, kitalu cha miche, vyombo vya kazi na ulinzi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na yako mambo ambayo jicho la mwenyewe huyatunza vema zaidi, na hayo yawe ya kila mtu, yaani matuta. Kila mmoja apewe matuta yake, apande, amwagilie, avune mwenyewe. Kisha yawekwe matuta mawili au matatu ya wote, kwa ajili ya wagonjwa, wafiwa na sanduku la shirika.

Kabla ya kufyeka hata jani moja, yakatwe mashauri haya matano, yaandikwe katika daftari:

Kwanza, kiwanja ni cha nani, nacho kimetolewa kwa miaka mingapi? Udongo uliotiwa samadi misimu mitatu hunona, na mwenye kiwanja akiuona umenona hukumbuka kuwa ni wake. Basi maneno ya mdomo hayatoshi. Yaandikwe mbele ya mashahidi. Na kama ni ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji ijulishwe, maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imewapa wao kazi ya kuisimamia.

Pili, majina ya wenye matuta ni yapi? Mara nyingi daftari huwa na jina la mume, na debe la maji huwa kichwani pa mke. Aandikwe yule afanyaye kazi, ili siku ya mavuno asiwe mgeni katika tuta lake mwenyewe.

Tatu, kila mmoja atatoa nini katika sanduku, na nani atatunza? Mali bila daftari huisha bila habari. Mmoja ashike fedha, mwingine ashike daftari, na kila mwezi lisomwe mbele ya wote.

Nne, mtu akiugua au akifiwa, nani atamwagilia tuta lake? Mche hauwezi kungoja arobaini. Wapangwe wawili wawili, kila mmoja awe mlinzi wa tuta la mwenziwe.

Tano, asiyefanya kazi tuta lake litakuwaje? Shauri hili watu huona haya kulikata, kwa kuwa wanapendana. Lakini lisipokatwa siku ya amani litakatwa siku ya ugomvi. Yafaa kusema, kwa mfano, kwamba tuta lililoachwa majuma matatu bila udhuru litapewa mwingine mpaka msimu uishe.

4. Hesabu ya maji

Hapa ndipo bustani nyingi za vuli hufia. Watu hupima kiwanja kwa macho, hawapimi maji. Kumbukeni hesabu hii: siku za jua, mita moja ya mraba ya mboga hutaka yapata lita 5 za maji kwa siku. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 litataka lita 50, yaani madebe mawili na nusu. Kama mko watu kumi, na kila mmoja ana matuta mawili, hesabu yenu ni lita 1,000 kila siku ya jua, ndiyo madebe 50. Kila mtu atachota matano.

Sasa enendeni penye maji, mkayatazame. Je, kisima kitatoa madebe 50 bila kuwanyima watu maji ya kunywa? Mtu aweza kubeba madebe matano kila siku kutoka huko? Ikiwa ni maji ya bomba yatokayo mto Wami, mwaweza kuyalipia mpaka mboga ziuzwe? Kama jibu ni hapana, punguzeni matuta nusu yake. Tuta moja lililoshiba maji hulisha nyumba kuliko matuta matatu yaliyonyauka.

Maji ya mvua nayo yakingwe. Paa la bati la kanisa au la shule lenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 8 lina eneo la mita za mraba 120. Mvua moja ya milimita 10 ikilinyea, yatelemka lita 1,200, yaani madebe 60, ijapokuwa machache hupotea njiani. Kwa mfereji wa bati na tangi, mvua moja yawapa maji ya siku nzima na zaidi.

Tena mwagilieni asubuhi mapema au jioni, penye shina, si juu ya majani. Kisha funikeni udongo kwa majani makavu, unene wa vidole vitatu. Matandazo hayo huzuia jua lisinyonye maji na magugu yasiote. Lakini yasiguse shina.

5. Udongo, samadi na ua

Matuta ya vuli yasiinuliwe juu kama ya masika. Wakati wa masika twainua tuta ili maji yakimbie; wakati wa vuli twalizamisha kidogo, kina cha nusu shubiri, kingo zikiwa juu, mfano wa jaruba, ili kila tone likae. Lakini vuli ikija na mvua za kupita kiasi, fungueni kingo upande mmoja maji yatoke.

Kila tuta la mita 10 litiwe madebe mawili au matatu ya samadi iliyooza, ichanganywe na udongo majuma mawili kabla ya kupanda. Samadi mbichi huunguza miche na kuleta mbegu za magugu. Samadi iliyooza haina harufu kali, wala haina joto ukitia mkono ndani.

Na samadi itatoka wapi? Itatoka kwa jirani mfugaji. Nchi yetu ina Wakwere na Wazigua walimao, na ina Wamasai na Wabarbaig wafugao, na sote twajua jinsi ng'ombe aliyeingia shambani awezavyo kuleta maneno, na maneno kuleta fimbo. Basi mwendeeni mwenye boma mapema, kabla ya mbegu, si baada ya hasara. Mwombeni samadi, mpatane bei au badala yake, mkamwonyeshe mpaka wa bustani. Mtu aliyeuza samadi yake katika bustani yenu, naye ameijua kwa macho, atamwambia mchungaji wake aepushe ng'ombe. Hata hivyo ua ujengwe, wa miti na miiba, au uoteshwe, tena usiwe na mwanya wa kuku.

6. Mbegu na kitalu

Kabla ya kupanda, ijaribuni mbegu. Hesabuni mbegu 20, zifungeni katika kitambaa chenye maji, kiwekeni kivulini siku saba msikiache kikauke. Zikiota 16 au zaidi, mbegu ni njema. Zikiota 10, pandeni mara mbili ya kiasi. Zikiota tano, msipoteze maji yenu.

Mbegu ni za namna mbili. Ziko mbegu za chotara, zizaazo sana, lakini watoto wake hawafanani na mama. Kila msimu zataka kununuliwa upya. Na ziko mbegu za kawaida, ambazo mkulima aweza kujiwekea. Katika nyanya, kwa mfano, aina ziitwazo Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa kwa wakulima mwaka 1997 kutoka Tengeru karibu na Arusha, ni za kujiwekea. Shirika changa lisilo na fedha yafaa lianze na mbegu za namna hii, nalo lichague shina bora, lifungiwe utepe, lisichumwe na mtu hata mbegu zikomae.

Nyanya chungu na bilinganya zianzie kitaluni. Mchicha, kunde na bamia hupandwa pale pale tutani. Mbegu ya bamia ilowekwe usiku mmoja. Matembele hupandwa kwa vipande vya mashina.

Mpango wa kazi ni huu:

Mwanzo wa Septemba: kufyeka, kujenga ua, kuchimba matuta, kutia samadi. Nyanya chungu na bilinganya zitiwe kitaluni, mistari ikiachana nusu shubiri, zifunikwe majani makavu mpaka ziote, kisha zijengewe kichanja cha kivuli.

Mwisho wa Septemba: mchicha wa kwanza, tuta moja tu, kwa maji ya kubeba. Huu ni wa kuwatia watu moyo, maana baada ya majuma matatu au manne huliwa.

Oktoba, mvua ikisha kulowesha udongo kina cha shubiri: bamia, kunde na matembele. Miche ya kitaluni, ikiwa na majani manne au matano, ipunguziwe maji na kivuli siku chache ili ikomae, kisha ipandikizwe jioni, kila shina likiachana na lingine mikono miwili pasipo shubiri moja, yapata sentimeta 70.

Kila majuma mawili baada ya hapo: tuta lingine la mchicha. Wasipande wote siku moja, wasije wakawa na mboga za kutupa juma moja na sufuria tupu juma la pili.

Desemba na kuendelea: bamia huchumwa kila siku mbili, zisikomae zikawa ngumu. Nyanya chungu ikitunzwa huzaa miezi mingi, ikatuvusha kaskazi.

7. Adui wa bustani

Mimea ina koo kama watu. Nyanya, nyanya chungu, bilinganya, pilipili na mnavu ni ndugu wa ukoo mmoja, na magonjwa ya mmoja ni ya wote. Basi mahali palipokaa ukoo huu msimu huu, msimu ujao pakae mchicha, bamia au kunde. Kunde huacha udongo na nguvu kuliko ulivyokuwa, kwa sababu ya vinundu vya mizizi yake.

Shina la ukoo huu likinyauka ghafula majani yakiwa bado ya kijani, likateni karibu na mzizi, mlitie katika bilauri ya maji safi. Ukionekana uzi mweupe kama maziwa ukishuka, huo ni mnyauko wa bakteria, wala hauna dawa. Ng'oeni, chomeni moto, na jembe lililogusa hapo lioshwe kabla ya kwenda tuta la jirani.

Kipupwe kikifika mtakutana na kantangaze, nondo aliyetoka Amerika ya Kusini, aliyeonekana nchini mwetu mwaka 2014. Mtoto wake huchimba njia ndani ya jani la nyanya na tundu katika tunda. Dawa nyingi amezizoea. Silaha ya shirika ni macho mengi: kila asubuhi majani yenye njia hizo yachumwe na kuchomwa. Mmoja akiacha, amewafugia wote.

Vidukari hupungua kwa maji ya majani au mbegu za muarobaini zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha. Na mtu akitumia dawa ya dukani, asome siku za kungoja zilizoandikwa juu ya chupa, azitimize zote kabla ya kuchuma. Mboga yetu haiendi mbali. Yaliwa na mtoto wa jirani. Kumwuzia mboga iliyonyunyizwa jana ni kumdhuru mtu umjuaye kwa jina.

8. Maswali ya kujifunzia

1. Kwa nini nyanya isiwe mboga ya kuanzia vuli katika nchi yetu?
2. Ni mambo gani ya bustani yafaayo kuwa ya shirika, na yapi yafaayo kuwa ya kila mtu? Toa sababu.
3. Watu wanane wana matuta 16, kila moja mita 1 kwa mita 10. Siku ya jua watahitaji madebe mangapi ya maji? (Jibu: 40.)
4. Kiwanja chenu ni cha nani? Imeandikwa wapi?
5. Nani katika mtaa wenu ana samadi, nanyi mtamwendea lini?
6. Taja mtu mmoja hapa asiyeweza kuchota maji mwenyewe. Tuta lake litamwagiliwa na nani?

Swali la sita lisipitwe mpaka jina la mtu limeandikwa. Kisha na ichaguliwe siku ya kufyeka, maana vuli haimngoji mtu.